Silipwi Kusimama

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanguka. Naanza na hilo kabisa ili wifi asije akasema nilificha.

Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, mvua ya kwanza ya msimu. Tochi niliyokuwa nimeifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu ikafa ghafla, nami na baiskeli na ufunguo wa valvu tukaingia mtaroni wote watatu. Ufunguo wenyewe si wa mlango. Ni chuma kirefu kama mpini wa jembe, na mimi umenipiga gotini. Hii ni tochi ya tatu tangu mwaka uanze.

Maji lakini nimefungua. Zahanati kwanza, kisha shule, kisha mitaa ya bonde, chemba zote kumi na nne, yaani mashimo yenye valvu za mabomba. Miaka kumi na tisa nafungua maji ya ukanda wa bonde na zahanati sijaichelewesha hata siku moja.

Wifi yangu, ambaye amekaa nami tangu kaka yake, yaani mume wangu, aanze kuendesha malori ya safari ndefu, alinipokea mlangoni nikichuruzika tope. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. Nikamwambia mkuu mwenyewe bado hajasema kitu.

Jumanne, 5 Machi

Mkuu amesema.

Msimamizi wetu wa maji mimi humwita Bwana Fomu, kwa sababu hata ukimwomba ruhusa ya kwenda kumzika mzazi wako atakuuliza umejaza fomu gani. Leo katukusanya uani. Kuanzia tarehe mosi Aprili hakuna atakayetoka alfajiri bila taa ya baiskeli iliyokaguliwa ikapita. Atakayeshindwa atapelekwa stoo kupanga viungo vya mabomba, na ukanda wake utapewa mwingine. Akanitazama goti lililofungwa kitambaa. "Na umri nao, mama, tusidanganyane."

Umri! Nina miaka hamsini na moja na nauzungusha ule ufunguo kuliko vijana wake wote wa ofisini ukiwafunga pamoja kama kuni. Nilinyamaza, lakini nilinyamaza kwa hasira.

Ofisi inatoa taa za kuchaji kwa anayetaka. Unaiacha ofisini mchana ikila umeme, alfajiri unaichukua. Mwenzangu wa ukanda wa juu, tunayemwita Mrefu, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Yule hata akiambiwa ofisi inatoa vidonda atapanga foleni. Mimi nikasema sitaki. Taa inayoomba chakula kila siku itaniangusha siku isipolishwa, na umeme wa mji huu wakati wa mvua kila mtu anaujua.

"Sasa utatumia nini?" Bwana Fomu akauliza.

"Miguu yangu," nikasema. Watu wakacheka, yeye akaandika kitu.

Jumamosi, 9 Machi

Kwa fundi wa baiskeli. Kibanda chake ni cha mabati na ringi zinaning'inia kila mahali, huwezi kusimama wima bila kupigwa kichwani. Nilimwambia nataka dinamo, taa inayowashwa na gurudumu lenyewe, basi. Akaanza kunihoji.

"Unaendesha kwa kasi gani, mama?"

"Kasi ya mtu mwenye haraka na goti bovu."

"Njia yako ni ya lami au ya tope?"

"Zote mbili."

"Unasimama mara ngapi?"

"Mara kumi na nne. Fundi, unaniuzia taa au unanichumbia?"

Hakucheka. Akaweka dinamo mbili mezani. Moja kama chupa ndogo, inafungwa kwenye foki na kichwa chake kinasugua ubavu wa tairi. Nyingine imefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele, haisuguani na chochote. Akasema kwa njia yangu, chukua hii ya kitovu, mvua na tope haivijui. Ila gurudumu lote lifumuliwe, lisukwe upya na spoku nyingine.

Aha, nikasema moyoni, ndipo tulipofika. Mtu anajitafutia kazi ya siku mbili kupitia kwangu. Nikachukua ya chupa.

Kwenye taa hatukubishana. Alikuwa na moja inayobaki ikiwaka kidogo hata ukisimama, maana ndani ina kidude cha kutunza umeme. "Nzuri," akasema, "lakini maji yakiingia kwenye hicho kidude, mimi sina dawa yake." Nikamwambia anipe isiyo na kidude. Waya, balbu, kioo, imekwisha. Kitu kikiharibika nataka nikione kwa macho.

Jumatatu, 11 Machi

Inawaka! Inanguruma kama paka aliyeshiba. Nimepita mbele ya nyumba ya Mrefu makusudi.

Alhamisi, 14 Machi

Kukavu. Taa safi. Goti linapona.

Jumatatu, 18 Machi

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Mvua imeanza saa tisa usiku na haikukata. Nilipotoka tu barabara ya tope, tairi likalowa, na kile kichwa cha dinamo kikawa kinateleza juu yake badala ya kuzunguka. Taa ikapepesa, ikazimika, ikapepesa. Nikaibana dinamo kwa mkono, nikaifunga kwa kamba, nikaitukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Mwisho nikashuka, nikasukuma baiskeli gizani huku nikipapasa ukingo wa barabara kwa ufunguo.

Nilifika chemba ya zahanati nimechelewa dakika arobaini. Mkunga alikuwa amesimama uani mvuani, ndoo mbili tupu miguuni, amekuja kuangalia kama bomba la nje lina chochote. Ndani kulikuwa na mama aliyejifungua usiku na maji ya akiba yalikuwa yamekwisha. Hakugomba. Alisema tu, "Leo umechelewa, shoga."

Afadhali angenizaba kibao. Miaka kumi na tisa, na nimeichafua mwenyewe kwa kiburi changu, kwa sababu mtu aliniambia kitu cha kweli nikadhani ananitapeli.

Jumanne, 19 Machi

Nilimrudishia fundi chupa yake. Alicheka mpaka akashika meza.

"Si nilikwambia, mama?"

"Uliniambia kama muuzaji. Sikujua unaniambia kama fundi."

Hapo akaacha kucheka. Akaipokea ile ya chupa, akanionyesha dinamo ya kitovu aliyoitoa kwenye baiskeli chakavu, akaizungusha kwa vidole nisikie ilivyo kimya. Nilikaa kwenye kopo la rangi nikimtazama akisuka gurudumu. Spoku moja juu, moja chini, anaikaza kidogo, anazungusha, anainama kutazama kama ringi inayumba, anaikaza tena. Saa tatu nzima hakuinua kichwa. Mtu niliyemwita tapeli! Nilipotoka nilimwomba radhi, akasema anayeomba radhi asafishe mnyororo wake, ni aibu.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua kubwa kuliko ya Jumatatu. Taa haikutikisika. Tope lilifika kwenye kitovu chenyewe, nikapita katikati ya dimbwi nikiimba. Zahanati dakika tano kabla ya wakati. Mkunga alikuwa amelala, na nilifurahi kwamba amelala.

Jumatano, 27 Machi

Mrefu amenisimamisha getini. "Dada, chukua ya ofisi uache ubishi. Bwana Fomu amekukalia vibaya." Nikamwuliza ametumwa? Akasema hapana, na akaangalia pembeni. Ametumwa.

Jumapili, 31 Machi

Kesho ukaguzi. Na leo wifi nusura anitoe roho.

Nilienda kuwaona ndugu, nikarudi saa kumi jioni, nikakuta baiskeli uani imepakwa rangi ya kijani kuanzia foki hadi keria. Rangi ileile iliyobaki tulipopaka mlango. Wifi kasimama kando, brashi mkononi, tabasamu mpaka masikioni. "Nimesema kesho usiende na kile kichakavu mbele za watu. Taa nimeifungua nikapaka vizuri chini yake, nikairudisha."

Nikanyanyua gurudumu la mbele, nikalizungusha. Giza. Nikazungusha tena kwa nguvu. Giza tupu.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimepaka rangi!"

Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Naye akajibu kwamba miezi minane ananipikia na kunifulia na hajasikia asante, leo kajitolea kanipakia chuma changu, kavuna matusi. Akaingia ndani, akabamiza mlango wa rangi moja na baiskeli.

Nilimfuata fundi kwake, akaja na kandambili. Alitazama mara moja tu. "Umeme unakwenda kwa waya, unarudi kwa chuma cha baiskeli. Taa ilikuwa imekaa juu ya chuma. Sasa imekaa juu ya rangi. Utarudia wapi?" Nikamwambia basi na uende kwa waya na urudi kwa waya, nimechoka kutegemea chuma. Akasema hilo ndilo alilotaka kufanya tangu mwanzo, ila aliogopa nitasema anajitafutia kazi. Nikainamisha kichwa.

Tukiwa tumeinama pale, wifi akatoka kimya na kisu cha jikoni, akachuchumaa, akaanza kukwangua rangi sehemu alizoonyeshwa na fundi. Waya wa pili ukafungwa, nikazungusha gurudumu, taa ikammulika usoni. Alikuwa analia, mjinga yule, na mimi vilevile. Nikamwambia asante ya miezi minane kwa mkupuo. Na kijani chenyewe, nikubali tu, kinapendeza.

Jumatatu, 1 Aprili

Nitaandika kila kitu kama kilivyokuwa.

Baiskeli tisa zimepangwa uani kwenye stendi zake. Bwana Fomu anapita na karatasi, nyuma yake karani kamshikia mwavuli. Kwa Mrefu taa ya ofisi ikawaka kama jua, imechajiwa Ijumaa hadi leo. Akaandika. Akafika kwangu.

"Washa."

"Inawaka ikienda, bwana."

"Fomu inasema: Je, taa inawaka baiskeli ikiwa imesimama? Ndiyo au hapana?"

"Baiskeli ikisimama haiwaki. Ikienda inawaka leo, kesho na mwaka ujao, bila kuchajiwa na mtu."

"Kwa hiyo hapana."

"Bwana, mimi silipwi kusimama! Tangu lini nikafungua valvu nikiwa nimesimama hapa uani? Nipe barabara unipime."

Watu wakaguna. Nikanyanyua gurudumu la mbele, nikalizungusha kwa kiganja, mwanga ukamwangukia kwenye tai yake. Kila mtu aliona. Naye aliona, kwa maana alipepesa macho. Lakini akasema fomu haina kisanduku cha kunyanyua gurudumu, akatia alama yake kwenye Hapana. Kuanzia kesho mimi ni wa stoo, na Mrefu atafungua ukanda wa juu na wa bonde pia. Akanipa karatasi ya uhamisho nitie sahihi kwamba nimeridhia.

Nikamwambia stoo nitakwenda kwa sababu ni amri. Sahihi sitatia kwa sababu sijaridhia. Akasema karatasi isiyo na sahihi haiwezi kufungwa kwenye jalada. Nikamwambia basi ikae wazi, ipate hewa.

Ufunguo nimeuacha ukutani. Mikono inaniwasha.

Jumanne, 2 Aprili

Stoo. Viungo vya nusu inchi, viungo vya robo tatu. Panya mmoja.

Alhamisi, 4 Aprili

Bonde limepata maji saa mbili asubuhi. Mrefu mmoja, kanda mbili. Naamka saa kumi kila siku hata hivyo, nakaa kitandani kama mgonjwa. Bwana Fomu alipita stoo kuuliza kama nimetia sahihi. Nikamwambia bado mkono unauma.

Ijumaa, 5 Aprili

Nguzo za umeme zimeanguka jana na mvua. Mji mzima giza, ofisi giza. Wifi ananitazama ananisubiri niseme. Sisemi. (Nilisema!)

Jumapili, 7 Aprili

Mrefu ameanguka. Taa ya ofisi ilizima jana akiwa njiani, akaingia kwenye mtaro uleule ulionimeza mimi, bega limetoka. Alifikia chemba tatu tu za ukanda wa juu. Zahanati haikupata tone.

Nilikwenda kumwona. Mkono kaufunga shingoni. Akaniambia, "Dada, siku ile getini sikutumwa. Niliogopa wakikutoa, bonde nitapewa mimi, na ukanda wako siuwezi. Ndiyo nikakwambia uchukue ya ofisi." Nilikuwa nimemwandika humu vibaya. Siyafuti, ila nayasahihisha: Mrefu si mlamba miguu, ni mwoga tu, na mimi ndiye niliyemtazama kwa jicho baya.

Saa tisa alasiri Bwana Fomu kabisha hodi nyumbani kwangu. Viatu vya tope, hana karani wala mwavuli. Wifi kamkaribisha kiti kisha akakaa naye mkabala, kamkodolea macho.

"Mama, kesho naomba ufungue bonde."

"Mimi ni wa stoo."

"Zahanati haina maji."

Hilo ndilo alilopaswa kuanza nalo. Nikamwambia zahanati nitaifungulia, hata asingekuja ningeifungulia, nilishapanga kwenda na koleo kubwa la bomba badala ya ufunguo. Wifi akatikisa kichwa kuthibitisha. "Lakini kama unataka niende kwa jina la ofisi, utapanda nyuma yangu na fomu yako. Uikague taa inapofanyia kazi."

"Nipande keria? Mimi?"

"Imepakwa rangi," wifi akasema. "Suruali haitachafuka."

Jumatatu, 8 Aprili

Alikuja. Saa kumi na robo, koti la mvua, fomu ndani ya mfuko wa nailoni, ufunguo wangu mkononi. Ni mzito, yule bwana. Kilima cha kwanza nilidhani goti litanikimbia, lakini heri goti litoke kuliko kumwambia ashuke. Mvua ya manyunyu. Taa mbele yetu inakula giza hatua kwa hatua, kila shimo naliona, kila jiwe. Nyuma nikasikia tu, "Kumbe."

Chemba ya zahanati. Nikasimama, taa ikazima kama nilivyomwambia itazima. Nikainua mfuniko, nikashusha ufunguo, nikaanza. Robo, ngoja. Robo, ngoja. Ukifungua kwa pupa bomba linapasuka kwenye kona.

"Unaonaje humo?"

"Kwa mikono. Miaka kumi na tisa."

Alichutama kando ya chemba. Kisha akasema bila kuulizwa kwamba mdogo wake aligongwa na lori. Hakuwa anaendesha. Alikuwa amesimama kando ya barabara alfajiri, anarudisha mnyororo, taa yake ilikuwa ya dinamo kama hii. Dereva hakumwona. Lile swali kwenye fomu aliliweka yeye mwenyewe.

Niliacha kuzungusha. Mwezi mzima nimemwona kama mtu anayeabudu karatasi. Nilitaka kusema kitu kizuri, sikukipata, nikasema pole. Kisha nikamwambia ukweli, kwa sababu pole haimulikii mtu. "Swali lako ni la haki, bwana. Jibu lako ndilo baya. Ile ya ofisi imezima Mrefu akiwa anaendesha. Anayekwenda anahitaji dinamo. Aliyesimama anahitaji kioo chekundu nyuma, kikubwa, kile kinachorudisha mwanga wa gari. Hakili umeme, hakiharibiki. Leo nakifunga. Na wengine wote uwafungie."

Akaniuliza kama kingetosha. Nikamwambia sijui kuhusu mdogo wake, siwezi kumdanganya. Ila dereva angekuwa na kitu cha kuona.

Akainama, akanyanyua gurudumu la mbele kwa mkono mmoja, akalizungusha kwa mwingine. Mwanga ukaingia chembani. Kwa mara ya kwanza niliiona ile valvu vizuri, kutu yake na alama zangu za chaki za mwaka juzi. "Endelea, mama," akasema. Akazungusha mpaka maji yakaanza kunguruma chini. Chemba zote kumi na nne alizungusha, koti limelowa, mikono myeusi kwa tope. Uani kwa mkunga taa ya chemli ilikuwa inawaka, na tukasikia ndoo inajaa.

Tulirudi ofisini saa moja na nusu. Akakaa mezani na tope lake, akachukua fomu yangu, akakata lile swali kwa mstari, akaandika pembeni: inawaka ikienda, kioo nyuma kwa kusimama, amepita, arudishwe bonde. Akanipa nisome. Nikasoma mara mbili. Neno kwa neno ilikuwa sawa, ila ilikuwa kwa penseli.

"Ni ya muda," akasema. "Makao makuu wakikubali, nitaandika rasmi."

Nikairudisha mezani mbele yake. Ufunguo ulikuwa bado begani kwangu.

"Hapana ulinitilia kwa wino," nikasema. "Ndiyo yangu nayo iwe kwa wino."

Akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa koti. Karani, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaingia, akasimama mlangoni. Nilimngoja. Maji ya bonde yalikuwa yameshafunguliwa, sikuwa na haraka yoyote. Mwishowe akamwomba karani kalamu, akapitisha wino juu ya kila herufi, polepole, akatia sahihi.